Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: mahindi ya Tabora nayo yanahitaji lori la mbolea na mnunuzi

Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, wakurugenzi wa halmashauri zetu, waheshimiwa wabunge na madiwani,

Salaam kutoka Urambo. Mimi ni mama mkulima. Nalima mahindi, karanga na maharage kidogo, na nyumbani kwetu tunalima tumbaku pia, kama zilivyo kaya nyingi za wilaya hii. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo ninaloleta linajulikana kila kijiji. Linasemwa kwenye mikutano ya vyama vya msingi vya ushirika, linasemwa kisimani na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, lakini sijaona likifikishwa kwenu kwa namna ya kudai jibu.

Jambo lenyewe ni hili. Kaya ileile inapolima ekari ya tumbaku na ekari ya mahindi, mashamba hayo mawili hayatendewi sawa. Mkulima wa tumbaku anaingia mkataba kupitia chama chake cha msingi. Mahitaji yake ya mbolea yanakadiriwa mapema. Lori linakuja na kushusha mifuko kwenye ghala la chama, na deni linakatwa tumbaku ikishauzwa. Soko likifunguliwa, mnunuzi yupo, mteuzi wa kupanga madaraja yupo, mizani ipo na bei ya kila daraja inajulikana. Mkulima wa mahindi hana hata kimoja kati ya hivyo. Mbolea anaifuata mwenyewe mjini, mnunuzi anamsubiri barabarani, na bei anaambiwa siku hiyo hiyo gunia likiwa tayari limefungwa.

Msinielewe vibaya, siitetei tumbaku. Imetulipia ada za watoto na imetujengea nyumba za bati, lakini pia imemaliza miti yetu ya miombo kwa kuni za kukaushia, na kuna misimu imetuacha na madeni. Ninachosema ni kwamba zao lisiloliwa limewekewa utaratibu unaofika hadi kijijini, na zao tunalokula halijawekewa. Utaratibu ule haukushuka kutoka mbinguni. Uliwekwa na watu walioamua kwamba wanaitaka tumbaku. Basi na mahindi yaamuliwe hivyo hivyo.

Kabla sijaendelea, niseme yaliyofanyika, kwa kuwa yamefanyika na tumeyaona. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022, mbolea ilipanda hadi mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi laki moja na ishirini, na wengi wetu tulishakata tamaa ya kulima kwa mbolea. Nane Nane ya mwaka huo, kule Mbeya, Rais Samia akazindua ruzuku, na mfuko wa DAP, mbolea ya kupandia, na wa Urea, ya kukuzia, ukashuka hadi shilingi 70,000. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22, mwaka uliofuata ikaruka hadi bilioni 954, na kufikia 2024/25 ilishapita trilioni moja na bilioni mia mbili. Mwaka huo huo wa 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki, na halmashauri zikapewa vifaa vya kupima udongo. Mtu akisema hakuna kilichofanyika, huyo hasemi kweli.

Nakumbusha tu kwamba mwaka 2003, kule Maputo, viongozi wa Afrika walikubaliana kila nchi itenge asilimia 10 ya bajeti yake kwa kilimo, na mwaka 2014 wakarudia ahadi hiyo Malabo. Bajeti ya Taifa ya 2024/25 ilikuwa kama trilioni 49. Hata mkijumlisha mifugo na uvuvi, bado hatujafika. Lakini leo sikuja kugombana kuhusu ukubwa wa fungu. Nimekuja kusema kuhusu safari ya mfuko wa mbolea kutoka mjini hadi shambani, maana fungu likiongezwa mara mbili na safari hiyo ikabaki vilevile, mahindi yangu hayatajua kwamba bajeti imeongezeka.

Safari yenyewe iko hivi. Mkulima anajiandikisha kwa mtendaji wa kijiji, anapata namba yake ya ruzuku, halafu anasubiri. Mvua zetu hapa ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba na kuishia Aprili, kwa hiyo hakuna cha kusema nikichelewa nitapanda za vuli. Mbolea ya kupandia inatakiwa iwe ndani ya nyumba mvua ya kwanza ikinyesha. Mara nyingi wakati huo wakala wa mbolea yuko makao makuu ya wilaya, na sisi tuko vijijini. Unapanda bodaboda au unamtuma kijana. Ukifika unakuta foleni, au mtandao umekata, au unaambiwa DAP imekwisha, iliyopo ni Urea, njoo Jumatatu. Unalala kwa ndugu kama unaye. Kama huna, unarudi nyumbani mikono mitupu na nauli imekwenda. Ukijaliwa kupata, bodaboda anafunga mifuko miwili nyuma kwa kamba za mpira, na wewe unakaa juu ya tangi au unatafuta usafiri mwingine. Nauli ya kwenda, ya kurudi na ya mzigo, ukijumlisha na siku ulizoacha kulima, imekula sehemu kubwa ya nafuu ile ambayo Serikali ililipia kwa kodi zetu.

Na kuna wanaoshindwa kabisa. Jirani yangu mmoja, mjane, ana ekari mbili za mahindi. Msimu uliopita alipata mbolea ya kukuzia mahindi yakiwa yameshaanza kutoa mbelewele. Aliinunua hivyo hivyo kwa sababu alishajiwekea fedha, akaiweka ndani hadi msimu mwingine. Mahindi yake yalikuwa ya njano kuanzia majani ya chini, mafupi, na gunzi nyingi zilikuwa na punje nusu. Udongo wetu sehemu kubwa ni kichanga, mvua kubwa ikipita inachukua rutuba yote. Mbolea iliyochelewa mwezi mmoja kwenye udongo huu haina tofauti kubwa na mbolea ambayo haikuja.

Wakati huo huo, ghala la chama cha msingi lililo kijijini kwetu lilishapokea mbolea ya tumbaku. Ghala lipo, mlinzi yupo, katibu yupo na daftari lipo. Niseme ukweli ambao sote tunaujua na hatuusemi mbele ya wageni: kaya nyingi za Tabora zinakula mahindi yaliyokuzwa kwa mbolea ya tumbaku. Mtu anapunguza kwenye tumbaku, anatupia kwenye mahindi. Halafu tumbaku inatoka na majani mepesi, daraja linashuka, deni la mbolea linabaki palepale, na mwisho wa msimu kaya inaonekana ina wakulima wazembe. Hawakuwa wazembe. Walikuwa wanatafuta ugali.

Serikali imesharuhusu vyama vya ushirika kuwa mawakala wa mbolea ya ruzuku. Hilo ni jema sana, na ndipo ombi langu la kwanza linapokaa. Isibaki kuwa ruhusa tu, maana chama kisicho na mtaji hakiwezi kununua lori zima la mbolea kikasubiri kulipwa. Wizara ikae na Benki ya Maendeleo ya Kilimo, vyama vipewe dhamana ya kuchukua mbolea ya mahindi kwa mkopo kama vinavyochukua ya tumbaku, na lori linalokuja kushusha NPK ya tumbaku lishushe na DAP ya mahindi kwenye ghala lilelile. Ya kupandia iwe kijijini kabla Oktoba haijaisha. Ya kukuzia ifike kabla ya Krismasi.

Hapa niongeze la kina mama, na nawaomba wanaume mnaosoma mnivumilie. Katika nyumba ya mkulima wa tumbaku, fedha za tumbaku zinaingia kwenye akaunti ya baba. Mahindi, maharage, karanga na viazi vya michembe ni kazi ya mama, na ndivyo vinavyolisha nyumba hadi baba alipwe. Lakini usajili wa ruzuku ukifanyika, aliyeandikwa ni mwenye nyumba, na ujumbe wa namba unaingia kwenye simu yake. Akiwa safarini, au simu imeharibika, au namba imebadilishwa, mama hana cha kumwonyesha wakala. Nimeshuhudia mama anarudishwa akiwa na fedha mkononi na mtoto mgongoni. Mtendaji wa kijiji anajua nani analima nini. Aandike mlimaji wa shamba, hata kama nyumba moja itakuwa na majina mawili, kila jina na ekari zake.

Tufike kwenye kuuza, maana mambo yanaharibika zaidi huko.

Mahindi yetu yanakauka Mei na Juni. Juni hiyo hiyo madeni yote yanaamka: michango ya shule, mkopo wa kikundi, aliyetulimia kwa jembe la ng'ombe anataka chake, na tumbaku mara nyingi bado haijalipwa yote. Walanguzi wanalijua hilo kuliko maafisa wa Serikali. Wanakuja na magari madogo hadi mlangoni, wana fedha taslimu, na wanafunga lumbesa. Sheria ya Vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100, na mizani ndiyo ipime. Kwetu mizani haionekani. Debe la saba linamwagwa juu, gunia linashonewa kofia kwa kamba ya katani, linalipwa kama la debe sita. Ukikataa, wanahamia nyumba ya pili, na nyumba ya pili ina shida kama zako.

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uliundwa mwaka 2008 kwa kazi ya kuhifadhi chakula cha nchi, na ununuzi wake umewainua wakulima wa Ruvuma, Rukwa na Songwe. Kwetu sisi kituo kikifunguliwa, kinafunguliwa mbali na kwa kuchelewa, mkulima mdogo ameshauza, na anayefikisha mzigo pale kwa gari ni yule yule aliyetufungia lumbesa. Bei nzuri ya Serikali inamfikia yeye. Miradi ya vihenge vya kisasa imejengwa Shinyanga, kaskazini yetu, na Mpanda, kusini yetu. Tabora tumepitwa katikati. Siombi kihenge cha mabilioni kesho asubuhi. Naomba kituo cha kununulia kwenye ghala la chama, wiki mbili tu za mwezi Julai, chenye mizani iliyokaguliwa, kipima unyevu na chekeche, na kinachopokea hata gunia tatu za mama mmoja. Tunaambiwa unyevu usizidi asilimia 13.5. Julai ya Tabora ni kavu, mahindi yakianikwa vizuri kwenye turubai yanafika hapo bila mashine yoyote. Tutangazieni tu bei mapema, ikiwezekana Aprili, ili mtu ajue cha kumjibu mlanguzi Juni.

Kuanzia Januari tunayanunua mahindi yale yale. Yanarudi madukani kwa kilo, kwa bei iliyopanda mara mbili wakati mwingine, na mama aliyeyalima anapima kilo mbili za unga kwa fedha ya kibarua. Mkoa hauwezi kuitwa una chakula cha kutosha kwa sababu ya hesabu za Juni tu. Afisa akitaka kujua hali ya chakula Tabora, aje Februari afunue vyungu.

Kuna mdudu naye lazima nimtaje. Dumuzi alitambuliwa hapa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla ya sehemu nyingine yoyote ya Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kati, na inaaminika aliingia na mahindi yaliyoagizwa kutoka nje wakati nchi ina upungufu wa chakula. Kutoka hapa akatembea hadi nchi nyingi za bara hili. Mwenye kumjua anajua sauti yake usiku, mlio mdogo wa kutafuna ndani ya kihenge, na asubuhi vumbi jeupe limetanda chini ya gunia. Mahindi ya kwenye magunzi anayamaliza kuliko yaliyopukuchuliwa. Tulifundishwa miaka hiyo: pukuchua, changanya dawa ya vumbi, hifadhi. Mafunzo yale yalikuwa mazuri na yalifika kila kijiji. Siku hizi yamefifia, dawa nyingine zinazouzwa madukani hazina nguvu, na mifuko isiyopitisha hewa, ambayo inamuua dumuzi bila dawa, inapatikana mjini kwa bei ambayo mwenye gunia tano anasita. Kama ruzuku imewekwa kwenye mbolea, naomba ifikiriwe na kwenye mifuko hiyo. Mkulima anayeweza kulala na mahindi yake hadi Novemba bila hofu ya mdudu hana haraka ya kuuza Juni, na mlanguzi atalazimika kuzungumza naye vizuri.

Kuhusu stakabadhi ghalani nina neno la tahadhari. Sheria yake ipo tangu 2005 na kwenye korosho imefanya kazi yake. Kwa mahindi ningependa ianze kwa hiari: mtu aweke gunia zake, apate karatasi, karatasi impe mkopo mdogo wa kulipia ada, auze bei ikipanda. Lakini msije mkaifanya amri, gari likakamatwa kizuizini kwa sababu mama amembebea mwanawe wa Tabora mjini gunia mbili za chakula. Na mipaka isifungwe ghafla. Mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kuuzwa nje, bei ikaporomoka, na waliolima kwa nguvu mwaka ule walipata hasara iliyowafanya wapunguze ekari mwaka uliofuata. Kama chakula hakitoshi, njooni mnunue kwa bei ya haki. Msitufungie mlango ili tuuze kwa bei ya kutupa.

Urambo tuna sababu ya kuogopa mipango inayochorwa mbali. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilihitaji mafuta ya kula baada ya vita, ikaamua Tanganyika ilime karanga. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Walileta matrekta, mengine yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakafyeka pori, wakatumia kama pauni milioni 36, na kufikia 1951 mradi ukavunjwa. Mvua na udongo havikuwa kama vilivyoandikwa kwenye makaratasi, na wenyeji waliokuwa wanalima karanga miaka yote hawakuulizwa. Baada ya hapo ndipo tumbaku ikachukua nafasi. Karanga bado tunalima, kwa jembe la mkono, na zinastawi kwa wanaojua pa kuzipanda.

Kwa hiyo vile vifaa vya kupimia udongo vilivyoletwa wilayani, naomba vitoke kabatini. Afisa ugani wetu ni kijana mwema, pikipiki anayo, ila mafuta ya pikipiki mara nyingi anajinunulia. Halmashauri inachukua ushuru wa mazao yetu. Sehemu ya ushuru huo itengwe kwa mafuta ya afisa ugani, iandikwe kwenye bajeti kwa jina, na diwani atusomee kwenye mkutano wa kijiji imetumikaje. Pia apime udongo wa mahindi, maana kuna mashamba hapa yanamwagiwa Urea kila mwaka na hakuna anayejua kama hicho ndicho yanachokosa.

Waheshimiwa, kilimo cha msimu ujao kinaanza kupangwa sasa. Naomba majibu ya maandishi kwa mambo matatu, na yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila ofisi ya kijiji mkoani Tabora kabla ya mwezi wa tisa: ni vyama gani vya msingi vitapokea mbolea ya mahindi na kwa tarehe ipi, mama anayelima shamba lake ataandikishwaje kwa jina lake mwenyewe, na kituo cha kununulia mahindi cha kila wilaya kitafunguliwa wapi, lini, kwa bei gani. Mtendaji wetu ana ubao mpana ofisini, na gundi tutachanga.

Wenu,

Mama mkulima,
Wilaya ya Urambo, Tabora